Walionishikia Kalamu

Siku uvumilivu uliponishinda nilikuwa mwaloni Mwigobero, hapa Musoma, nimechuchumaa mbele ya beseni la dagaa, nikasikia maiti yangu inasomwa na mwanaume nisiyemjua.

Simu ilikuwa ya Mama Masatu, muuza sato, jirani yangu. Alikuwa ameiegemeza kwenye mzani, sauti mpaka mwisho, na wanawake watano sita wamesogeza ndoo zao karibu wasikilize. Mwanaume wa kwenye simu akasoma kwa madaha: "Marehemu alilala chali chini ya turubai la dagaa. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa waya."

Turubai ni langu. Marehemu ni wangu. Nilimuua mwenyewe, jikoni kwangu, kwa miezi mingi, mtoto akiwa amelala. Na hadithi hiyo nilikuwa sijaitoa popote.

Nikasema kwa sauti, "Muuaji ni mama mkwe wake."

Wote wakageuka. Mama Masatu akapiga paja. "We Mama Debora! Ndo kwanza sehemu ya tatu! Umeisikiliza wapi?"

"Sijaisikiliza. Nimeiandika."

"Uandike wewe? Wewe huyu mke wa Bwire?" Akacheka mpaka magamba yakamruka kifuani. "Huyu kaka ni wa Dar, sikiliza anavyotamka. Chukua dagaa zako uende, usituharibie starehe."

Niliondoka bila dagaa. Lakini nataka mjue kwamba kilichonikata miguu si wizi. Ni lile neno, waya. Nitaeleza.

Kwa hiyo nimestaafu. Wengine wanastaafu na mvi na keki ya ofisini, mimi nimestaafu nikiwa na mtoto mgongoni. Nyie wadogo zangu mnaoingia sasa kwenye uandishi wa hadithi za upelelezi mtandaoni mmekuwa mkiniuliza kwa nini nimejitoa kundini bila kuaga. Nawaandikia mara moja tu, msome wote, mwache kuniuliza mmoja mmoja. Habari za nani alikuwa na wafuasi wengi hamtazikuta hapa. Nazungumzia kazi.

Nilianza nikiwa nimemaliza fomu foo na matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu nyumbani. Nilikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, herufi moja ilikuwa haishiki, naizunguka kwa kutafuta maneno yasiyo nayo. Nikaandika kisa cha mvuvi aliyeuawa, nikakibandika kwenye ukurasa wangu. Mtu mmoja anayejiita Inspekta akaniandikia: "Una mkono. Njoo kwetu." Akaniunganisha kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Alama za Vidole.

Inspekta hajawahi kuwa polisi. Ni mwenyekiti wa kundi, mkazi wa Butiama, na hilo jina alijipa mwenyewe. Ningeanzia kumshuku hapo hapo, lakini wote tulikuwa na majina ya kujipa.

Siku ya kwanza hakuna aliyenikaribisha kwa maua. Nilitumiwa sura ya hadithi ya mtu, nikaambiwa: toboa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa, kutoboa. Huku kwetu mtumbwi ukijengwa unazibwa pamba katikati ya mbao, halafu unasukumwa majini uonekane unavujia wapi. Sisi tulisukuma hadithi. Kila mtu anatafuta pa kuingiza maji, na mwenye hadithi hatakiwi kununa. Akinuna anaambiwa akaandike za mapenzi.

Ile ya kwanza niliitoboa vizuri. Mtuhumiwa alikuwa anajitetea kwamba usiku wa tukio alikuwa ziwani anavua dagaa kwa taa, na mwandishi huyo huyo, sura iliyotangulia, ameuwasha mwezi mpevu mpaka watu wanaonana nyuso. Nikaandika: "Mwezi ukiwa mpevu dagaa haifuati taa, wavuvi wanakuwaga nyumbani wanashona nyavu. Huyo amedanganya, na polisi wako wamemwamini." Mwandishi akajibu, "Asante, nazama." Nilicheka peke yangu kama chizi.

Na mimi nilitobolewa. Niliuficha mlio wa bastola kwenye jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, Bunda, mashine zinanguruma, hakuna anayesikia. Usiku huo huo nikapokea ujumbe wa sauti wa mwanamke, sauti nzito, haina haraka: "Mdogo wangu, hadithi yako iko mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu pamba iko shambani. Hiyo jinari imelala, paka akikohoa mlinzi anasikia. Sogeza mauaji au sogeza mvua."

Huyo ndiye dada Ghati. Ni Mkurya aliyeolewa Nyamuswa, ana kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua pale senta. Mnaomjua mnajua. Kila nilichojua katika kazi hii nimekitoa kwake au nimekitoa kwa kubishana naye. Alinifundisha kusoma kazi yangu kwa sauti nikiwa nasonga ugali, kwa sababu mkono ukiwa na shughuli sikio halidanganyi. Alinifundisha kumshuku anayelia sana msibani, na anayeuliza maswali akiwa tayari ana majibu. Na alinifundisha alama.

Alama ni hivi. Unapomtumia mtu hadithi ambayo haijatoka, kila msomaji mpe kitu chake kidogo kisicho na uzito. Huyu kwake mbwa ni mweusi, yule kwake mbwa ana madoa. Hadithi ikivuja, unaangalia mbwa. "Hata mimi niwekee," aliniambia. "Usimwache mtu nje kwa sababu unampenda."

Mara moja kwa mwaka tulikutana Bunda, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Ni vituko. Hakuna aliyetaka kukaa ameupa mlango mgongo, viti vyote vimejazana upande mmoja wa ukuta. Komredi Risasi, aliyekuwa anaua watu wengi kuliko wote kundini, alikuwa mama wa kwaya mwenye miwani ya kamba. Asubuhi nzima tunajadili sumu, ipi inaonja chungu, ipi haionji kitu, halafu ikaletwa chai. Tukaiangalia. Chai ikapoa. Mwisho Ghati akainuka, akanywa kikombe kizima, akasema, "Nikifa, aliyepika ndiye. Nikipona, nyie ni wajinga." Tukanywa.

Inspekta siku hiyo alizunguka akipiga picha na kila mtu, anakuuliza, "Unaandika nini sasa hivi? Inaishaje?" Kila mtu alimwambia. Mimi nilimwambia bado sijajua.

Sasa niwaambie uzuri wake, maana mtadhani nilikuwa mjinga kukaa mle miaka yote hiyo. Tulikuwa na desturi ya kushikiana kalamu. Hadithi za mtandaoni zinatoka kila wiki, na msomaji ukimkosesha wiki mbili anahama. Kwa hiyo mwenzetu akiumwa au akifiwa, linafunguliwa kundi la pembeni bila yeye, kazi yake inagawanywa, na tunaandika kwa sauti yake mpaka arudi. Jina linabaki lake. Akishapona lile kundi linafutwa, na hakuna anayesema sura hii niliandika mimi. Tuliwekeana na sharti: mtu akishikiwa kalamu, asipigiwe simu. Aachwe apumzike. Anayejua hali yake ni mwenyekiti, mwenyekiti ndiye anatoa taarifa.

Nilipojifungua Debora kwa kupasuliwa nilikuwa katikati ya kisa, muuaji yuko juu ya paa. Nilikaa hospitali sijui hata simu iko wapi. Niliporudi nyumbani na kufungua ukurasa wangu, nikakuta muuaji ameshashuka, amekimbia, amejificha Buhemba kwenye mashimo ya dhahabu, na anatukana kama ninavyotukanaga mimi. Wasomaji hawakugundua. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Na Ghati, ambaye hakutakiwa kupiga simu, hakupiga. Alikuja. Alilala chini wodini kwenye khanga yangu, akimwambia muuguzi kwamba yeye ni dada yangu wa tumbo moja. Asubuhi akanipikia uji, akaenda zake kufungua kibanda.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyosikia neno waya.

Ile ya turubai la dagaa niliitoa kwa wasomaji wawili tu. Komredi Risasi nakala yake kandambili ilishonwa kwa uzi wa nyavu. Ghati nakala yake, kwa waya. Inspekta aliniomba mara tatu, sikumpa. Nikatangaza kwenye ukurasa wangu kwamba mwezi unaokuja naanza kuitoa, nikaenda kijijini kwetu Majita kuwasaidia wazazi kuvuna mihogo, mahali ambapo mtandao unaukuta juu ya jiwe moja tu, na jiwe hilo lina foleni. Nimerudi Musoma hata mifuko sijafungua, nikaenda kununua dagaa. Mengine nimeshawaambia.

Bwire, mume wangu, aliniona navaa raba asubuhi yake.

"Unaenda kumkamata?"

"Naenda kumuuliza."

"Mtu anaenda kuuliza amevaa raba?"

Nikambeba Debora mgongoni, nikapanda gari la Nyamuswa. Njia nzima, Makutano, Butiama, namsoma Ghati upya kama mtuhumiwa. Kwa nini alikubali kuwekewa alama? Anayejua mtego anaweza kuusahau? Kwa nini wiki zote hizi amekuwa kimya? Yule ana mashine ya kuchapa, ana wateja, anajua watu. Mpaka nashuka nilikuwa nimeshamfunga miaka.

Kibandani alikuwa anatoa kopi za cheti cha mtu. Akainua macho, akaniona. Halafu akamwona Debora juu ya bega langu, anatafuna ndizi.

Karatasi zikamwagika chini. "Yesu! Debora!" Akaruka meza, akamchomoa mtoto mgongoni kwangu, akamshika paji la uso, akamfunua kifua, akamsikiliza pumzi, na machozi yanamshuka. Mwenye cheti akaanza kurudi nyuma.

Mimi nilisimama nikamwangalia analia. Yeye ndiye aliyenifundisha kumshuku anayelia sana.

"Acha maigizo, dada Ghati," nikasema. "Hadithi yangu inasomwa Mwigobero na mwanaume wa Dar. Kandambili ina waya."

Hakusikia. "Wamemtoa lini?"

"Wamemtoa wapi?"

"Hospitali. Bugando. Si mlihamishiwa Mwanza?"

"Nani alihamishiwa Mwanza?"

Tukaangaliana. Yule mteja akasema, "Naomba cheti changu tu." Akaokota, akaenda.

Ghati akatoa simu, akanipa. Kulikuwa na kundi la pembeni, Tumshike Mama Debora. Watu wote wa Alama za Vidole walikuwamo isipokuwa mimi. Inspekta alikuwa ameandika: "Ndugu zangu, mtoto wa mwenzetu ni mahututi, mama yake hana hali. Tumshikie kalamu. Kama desturi yetu, asipigiwe." Chini yake maombi. Komredi Risasi amefunga na kwaya yake nzima. Mtu ameweka wimbo. Mtu ameandika, "Bwana mnyooshee mkono malaika wako Debora," na mikono ya kuomba mingi kama mchanga. Siku hizo malaika alikuwa Majita, anamfukuza bata wa bibi yake.

"Akanifuata mwenyewe pembeni," Ghati akasema. "Akaniambia umeshawatangazia wasomaji, wanasubiri, nimpe nakala yangu aanze kukuandalia sura. Nikampa. Ningemnyima? Mtoto anakufa nimnyime?"

"Ungenipigia."

"Sharti linasema tusipige."

"Dada Ghati. Wewe umenitoboa mimi kwa sababu ya mwezi wa pamba. Mtu anakwambia mwanangu anakufa, huulizi hata wodi?"

Akakaa kwenye kiti. "Na wewe," akasema taratibu, "umesikia neno waya ukaja na raba. Na wewe ungenipigia."

Debora alikuwa ameshafika kwenye rimu ya karatasi, anazichana moja moja. Hakuna aliyemzuia.

Tulikuwa watu wa kushuku kwa kazi. Tukimshuku mpishi, tukiushuku mlango. Ila mtu akisema mwenzetu yuko taabani tulikuwa tunaweka silaha chini, wote, kwa pamoja. Yule alikaa miaka anatuangalia tunavyofanya, akajua pa kupitia.

Ghati akachukua simu, akaweka sauti kubwa, akampigia. Inspekta akapokea kwa upole wa mchungaji.

"Dada Ghati! Habari za Nyamuswa?"

"Njema tu, mwenyekiti. Nauliza hali ya mtoto."

"Aah, dada yangu. Bado. Jana wamemwekea oksijeni. Tuendelee kuomba."

"Umeongea na mama yake?"

"Leo asubuhi. Analia tu. Hata kuongea hawezi."

Hapo hapo Debora akamaliza karatasi, akasimama katikati ya kibanda, akapaza sauti yake yote: "Mama! Nataka kojoa!"

"Umesikia hiyo sauti?" Ghati akauliza.

"Sauti gani, dada?"

"Ya mgonjwa."

Akakata. Tukapiga tena, haipatikani. Nilipofungua simu yangu nikakuta nimeondolewa kwenye Alama za Vidole, na Ghati anaondolewa mbele ya macho yetu. Kwa hiyo niseme ukweli, kujitoa sikujitoa. Ila wengine waliponirudisha baadaye, nilitoka kwa miguu yangu.

Nilimpeleka mtoto kukojoa. Niliporudi Ghati alikuwa ameshafunga dirisha la kibanda na kuvaa viatu. Raba, kama zangu. Sikumwomba radhi na yeye hakuniomba. Tulipanda gari, mtoto amekaa kwenye paja lake, njia nzima anamshika paji la uso kama vile haamini.

Alama za Vidole ni kikundi kilichoandikishwa. Inspekta mwenyewe ndiye alitaka kiandikishwe, Butiama, ofisi ya maendeleo ya jamii, apate kujiita mwenyekiti mbele ya watu. Basi tukaenda huko huko.

Afisa alikuwa dada wa makamo, ana feni inayozunguka upande mmoja. Alisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Mdogo wangu, mambo ya mtandaoni nendeni polisi."

"Polisi nitaenda kesho, na ya hakimiliki nitayapeleka kunakohusika. Leo nimekuja kwako kwa sababu huyu ni mwenyekiti wako. Muhuri umempa wewe."

Akamwangalia Ghati. Ghati akasema, "Mimi ndiye shahidi. Nakala iliyoibwa ilitoka kwangu."

"Haya," akasema afisa, akavuta karatasi. "Nisaidie kuweka sawa. Kosa la kwanza ni wizi wa hadithi, au siyo?"

"Hapana," nikasema. "La kwanza ni mtoto."

Akasema basi niandike mwenyewe. Nikaandika pale pale mezani kwake. Hii ndiyo ninayowaachia, wadogo zangu, ni kazi yangu ya mwisho ninayoitoa bure, na haina pa kutoboa:

Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii,
Butiama.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYEKITI WA KIKUNDI CHA ALAMA ZA VIDOLE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanakikundi, mkazi wa Musoma, mama wa mtoto mmoja. Namlalamikia mwenyekiti kwa mambo yafuatayo.

Mwenyekiti aliwatangazia wanakikundi wote kwamba mwanangu Debora ni mahututi, akijua si kweli. Watu walifunga na kuomba. Mwingine alimlilia mbele yangu. Mwenyekiti aliendelea kutoa taarifa za ugonjwa huo, ikiwa ni pamoja na oksijeni, mpaka leo mchana.

Kwa uongo huo alichukua kwa dada Ghati, shahidi wangu, hadithi yangu ambayo haijatoka, akaitoa nje, na sasa inasomwa hadharani kwa sauti ya mtu mwingine bila jina langu.

Kwa uongo huo pia ameharibu desturi yetu ya kushikiana kalamu. Mwanakikundi atakayeugua kweli kuanzia sasa, wenzake watauliza kwanza kama anadanganya. Hili silijui litalipwa vipi, ila naomba liandikwe.

Naomba avuliwe uenyekiti. Naomba hadithi iondolewe. Na kabla ya hayo yote, naomba aandike kwa mkono wake, mbele ya wale wale waliomwombea, kwamba mtoto huyo hakuwa anaumwa.

Mtoto nimekuja naye. Yuko hapa ofisini, ni mzima, na anaweza kukaguliwa.